Moshi wa malori na kansa ya mapafu: jibu kwa dada wa mahamri Changamwe

Kuna dada ameuliza kwamba yeye auza chai na mahamri kando ya barabara Changamwe, hapa Mombasa, pale malori yanapopanga foleni kuingia yadi za makontena, na kila akipenga kamasi yatoka meusi. Jirani kamwambia huo moshi utamletea kansa ya mapafu, mwengine kamwambia ni uvumi wa mitandaoni, kansa hiyo ni ya wavuta sigara peke yao. Ataka kujua aache biashara ama aendelee. Nimeona majibu mengi ya "kunywa maziwa utakuwa sawa" ndo nikaona niandike kwa urefu, maanake hii kitu naijua pande mbili, mimi ni fundi wa pampu na nozeli za dizeli miaka mingi hukohuko Changamwe, na ami yangu, Mungu amrehemu, amefariki kwa kansa ya mapafu na hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake.

Dadangu, si uvumi. Lakini pia si kwamba kila anayekaa karibu na lori atapata kansa, na mimi naona kabla ya kuuliza uache ama uendelee, hesabu kwanza vitu vitatu: wakaa kwenye moshi masaa mangapi kwa siku, umekaa miaka mingapi, na meza yako iko mita ngapi kutoka kwa ekzosi. Hiyo ndo dozi yako. Miaka iliyopita huwezi kuirudisha, lakini masaa na mita waweza kuvipunguza na bado ukauza mahamri yako.

Ushahidi wenyewe uko hivi. Shirika la IARC, lile la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), tangu 1988 lilikuwa lasema moshi wa dizeli "yaelekea" waleta saratani. Juni 2012 wakaupandisha kundi la 1, yaani ushahidi umetosha, waleta kansa ya mapafu kwa binadamu. Oktoba 2013 wakaiweka hewa chafu ya nje kwa jumla kwenye kundi hilohilo, pamoja na zile chembe ndogondogo zinazoelea ndani yake. Sigara pia iko kundi la 1, asbesto pia, na hapa ndo watu huchanganya wakaanza kusambaza meseji kwamba kukaa steji ni sawasawa na kuvuta pakiti nzima. Sivyo. Kundi laonyesha wana uhakika kiasi gani kwamba kitu chaleta saratani, halionyeshi kitu hicho kina ukali gani.

Ukali uangalie kwenye tafiti zenyewe. Marekani walifuatilia wachimba migodi 12,315 kwenye migodi 8 ambamo mashine za dizeli zafanya kazi ndani kwa ndani, matokeo yakatoka 2012, na wale waliokula moshi mwingi zaidi huko chini uwezekano wao wa kufa na kansa ya mapafu ulikuwa karibu mara tatu ya wale waliokula kidogo. Huo ni mgodi, moshi hauna pa kwenda, sisi tuko nje na upepo wa bahari twaupata. Ulaya nao wakaangalia watu wa kawaida wa mijini, zaidi ya watu 312,000 katika nchi 9, ripoti ikatoka 2013, wakakuta kila hewa ikiongeza mikrogramu 10 za chembe aina ya PM10, yaani zile za mikroni 10 kwenda chini (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwenye mita moja ya ujazo, kansa ya mapafu yapanda kwa asilimia 22 hivi. Sasa weka na sigara: mvutaji uwezekano wake ni mara 15 hadi 30 ya asiyevuta. Kwa hivo mwenye kuvuta sigara na huku akaa kwenye moshi wa malori, aanze na sigara, hapo ndo kwenye faida kubwa kabisa. Lakini sigara avuta anayevuta, hewa ya barabara avuta kila mtu mpaka mtoto wa chekechea na mama mjamzito, ndo maana hiyo asilimia inayoonekana ndogo, ukiipiga kwa mji mzima, ni misiba mingi.

Wengine mwauliza moshi wafanyaje mpaka mtu apate uvimbe. Masizi ya dizeli ni kaboni, na juu ya ile kaboni hujishika kemikali zilizoungua nusu, mojawapo yaitwa benzopirini, hiyo ikifika mwilini hubadilishwa ikaenda kushikana na DNA ya seli na kuiharibu. Hiyo yajulikana zamani. Jipya limetoka 2023, watafiti wa Francis Crick Institute kule London wakiongozwa na Charles Swanton, walichunguza data za watu zaidi ya 32,000 wa Uingereza, Korea Kusini, Taiwan na Kanada, wakafanya na majaribio kwa panya, wakaona chembe za PM2.5, zile ndogo zaidi ya PM10, si lazima ziharibu DNA zenyewe. Mapafu ya mtu anapozeeka huwa na seli kadhaa zenye kasoro zimelala tu, hazina neno na mtu, ile hewa chafu yafanya mapafu kuvimba kwa ndani na kule kuvimba ndo kwaziamsha zile seli zikaanza kuzaana. Mimi niliposoma hiyo nilifikiria ami yangu, maanake kila mtu msibani alikuwa auliza mtu asiyevuta sigara kapataje.

Sasa makamasi meusi. Yale meusi unayoyaona ni masizi makubwa, pua imeyashika na kamasi yayatoa nje, pua yafanya kazi yake. Ya kuogopa ni yale usiyoyaona. PM2.5 ni chembe za mikroni 2.5 kwenda chini na unywele mmoja una mikroni 50 hadi 70, kwa hivo zapita pua, zapita koo, zashuka mpaka kwenye vile vifuko vya mwisho vya mapafu ambako hewa yaingia kwenye damu. Makamasi meusi si dalili ya kansa dada, usilale ukilia kwa hilo, ila yakuonyesha umekaa pabaya. Na WHO 2021 waliteremsha kiwango cha PM2.5 kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 mpaka 5, maanake kila wakichunguza waona madhara yaanza chini zaidi ya walivyodhania.

Na maziwa jamani. Maziwa yapita koo la chakula yaenda tumboni, mapafu yako njia nyengine kabisa. Kunywa ukiyapenda, ni chakula, lakini hayaoshi kifua. Nimeona vijana wa gereji wala vumbi la breki siku nzima bila chochote usoni kwa kuamini jioni kuna pakiti ya maziwa.

Niingie upande wangu wa gereji sasa, maanake watu wachukulia moshi mweusi kama kitu cha kawaida cha lori na si kawaida. Moshi mweusi maana yake dizeli imeingia nyingi kuliko hewa ya kuichoma. Moshi wa buluu ni oili yaungua, mweupe ni dizeli haijaungua ama maji yaingia kwenye silinda. Nikiletewa nozeli, kile kidude kinachopulizia dizeli ndani ya injini, naifunga kwenye tesa, ile mashine ya mkono yenye geji, nabonyeza lever na kuangalia mdomo wa nozeli. Nzima yatoa ukungu mwembamba, wakatika pale pale na mdomo wabaki mkavu. Mbovu yarusha mstari ama yakojoa, tone laning'inia kwenye mdomo, na hilo tone ndani ya injini haliungui likaisha, latoka kama masizi na kuangukia chai ya dada. Eakilina, yaani chujio la hewa, nayo wengi waipiga tu chini mara mbili tatu kutoa vumbi na kuirudisha, miezi na miezi, injini yakosa hewa. Na kuna la tatu ambalo lanikera kweli. Dereva ama tajiri aja asema fundi niongezee pampu, lori lashindwa kupanda kilima cha Mazeras na mzigo. Pampu za zamani zina skrubu ya kipimo cha juu cha dizeli na imepigwa siili, yavunjwa siili, skrubu yazungushwa, lori lapata nguvu kidogo na moshi unakuwa wingu. Mimi kazi hiyo siifanyi, atakwenda kwa mwengine najua, lakini siifanyi. Tatizo huwa ni nozeli na eakilina na turbo iliyochoka, tengeneza hizo na nguvu yarudi yenyewe na dizeli yapungua.

Magari mapya kidogo yaja na chujio la masizi kwenye ekzosi. Likijaa dereva aona taa na gari lakosa nguvu, na badala ya kulisafisha walikata, waweka bomba tupu. Dizeli yetu imekuwa safi zaidi kuliko zamani, Januari 2015 salfa ilishushwa mpaka sehemu 50 kwa milioni, kabla ya hapo ilikuwa 500, ila dizeli safi kwenye nozeli inayokojoa na ekzosi isiyo na chujio haikusaidii sana. Na nisisitize, lori lisilotoa moshi wa kuonekana si kwamba ni salama, zile chembe ndogo na gesi hazionekani, kwa hivo usisogee karibu na ekzosi kwa kuwa ni lori jipya la kupendeza.

Kuhusu injini kuachwa zanguruma kwenye foleni, nyinyi mnaokaa pale hudhani madereva ni wakorofi. Nimewauliza wengi. Wengine ni AC tu, kweli. Lakini wengi betri imekufa ama stata mbovu, akizima itabidi asukumwe na lori lina kontena. Na wengine mfumo wa hewa wa breki wavuja, akizima presha yateremka na foleni ikisonga hawezi kutoka mpaka ajaze tena, wale wa nyuma washaanza kumpigia honi. Lori likisimama linanguruma lanywa kama lita 3 za dizeli kwa saa, hizo ni pesa za tajiri, na betri mpya ama kuziba hose inayovuja ni kazi ndogo. Kuna yadi moja wauzaji wa pale walikwenda kama kikundi na mwenyekiti wao kuongea na msimamizi, hawakwenda na fujo, wakaomba malori yaitwe kwa nambari ili yangoje kwenye uwanja wa nyuma injini zimezimwa badala ya kujipanga barabarani. Ilichukua muda na maneno mengi lakini yadi ilikubali, maanake hata wao makarani wao walikuwa wakohoa. Katiba yetu kifungu cha 42 yasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kenya ina kanuni za ubora wa hewa zilizo chini ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, kwa hivo mkienda kuongea mwadai haki yenu. Najua pia mizigo ndo kazi yetu Mombasa, 2018 mizigo ilipoanza kupandishwa treni ya SGR watu walilala njaa hapa kwa kukosa kazi, na Septemba 2022 Rais Ruto alipoamuru shughuli za mizigo zirudi bandarini tulishangilia, na mimi nilishangilia. Tunataka malori. Hatutaki malori mabovu yanayonguruma bure kwenye pua za watu.

Ami yangu alikuwa karani wa geti. Kazi yake kusimama kwenye kibanda cha mabati, lori laja lasimama ubavuni, ekzosi iko usawa wa dirisha, aandika nambari ya lori na ya kontena na siili, dereva apiga gia aondoka na moshi wote waingia kibandani. Mkono wa shati lake jeupe ulikuwa na mstari mweusi pale alipouegemeza dirishani, shangazi alikuwa aloweka kwa jiki na hautoki. Alifanya hivyo mpaka akastaafu. Siwezi kuapa kwamba ni moshi wa geti uliomuua, hakuna daktari anayeweza kusema hivyo kwa mtu mmoja, lakini sigara hakuvuta, na ndani ya nyumba yao walipikia gesi.

Kilichotuumiza zaidi ni vile ugonjwa ulichelewa kujulikana. Alianza kukohoa, akaenda kliniki moja, akapigwa eksrei, kukaonekana kivuli, akaambiwa ni TB akaanzishwa dawa. Makohozi hayakuwa yameonyesha TB, waliangalia picha tu. Akameza dawa mpaka dozi ya miezi 6 ikaisha na huku apungua, kola ya kanzu yazidi kuwa pana, sauti ikakwama ikawa ya kunong'ona. Binamu yangu ndo akasema hapana, akampeleka kwengine, wakafanya CT skani, wakachukua kipande cha nyama wakapima, ikawa kansa ya mapafu na ishasambaa kwenye mifupa. Hakukaa sana baada ya hapo. Nimekuja kujua hii yatokea kwa wengi hapa kwetu kwa vile TB ni nyingi na kansa ya mapafu yafanana nayo kwa dalili, kikohozi, kukonda, damu kwenye makohozi, maumivu ya kifua.

Kwa hivo dada, kikohozi kikizidi wiki 2 nenda hospitali ya serikali upimwe TB kwa makohozi kwenye mashine ya GeneXpert, matibabu ya TB ni bure. Ikionekana ni TB, meza dawa zote, inapona. Isipoonekana kwenye makohozi, ama umemeza dawa na kikohozi kipo palepale na wazidi kukonda, usikubali kurudishiwa dawa zilezile, omba upelekwe kwa daktari wa kifua na uulize habari ya CT skani, kwa sababu eksrei ya kawaida yaweza kukosa uvimbe mdogo. Damu kwenye makohozi hata mara moja, usingoje wiki 2.

Na meza yako ihamishe. Moshi wa barabara huwa mkali pale pale ukingoni na wapungua haraka ukisogea, ndo maana jimbo la California 2003 lilipitisha sheria ya kutojenga shule mpya ndani ya mita 150 hivi kutoka barabara kuu. Najua mita 150 wateja hawatakufuata, lakini hata kuingia kichochoroni nyuma ya ukuta ni tofauti kubwa kuliko pale ulipo, kijana akapeleka chai kwa madereva kwa thamos. Pahali pabaya kabisa ni pale lori linapoanza kuondoka, kwenye kilima, kwenye bampu na kwenye geti, kwa sababu dereva akikanyaga mafuta ndo masizi yatoka, kwa hivo usikae hapo hata kama ndo kuna wateja. Angalia upepo wapeleka moshi wapi, ukae upande unakotoka upepo. Alfajiri hewa huwa imetulia na moshi walala chini mpaka upepo wa bahari uanze, na najua mahamri ni biashara ya alfajiri, basi kaangia nyumbani uwanjani halafu uje kuuza tu, masaa ya barabarani yapungua karibu nusu na sufuria lako halili vumbi. Mtoto usimlete kukaa chini ya meza, mapafu yake yangali yakua na yeye yuko usawa wa ekzosi za tuktuk.

Jiko la makaa ndani ya kibanda kilichofungwa nalo ni moshi, toa nje. Barakoa zile za buluu za hospitali hazizibi ubavuni, chembe zapita, ukipata N95 ikashika vizuri usoni yasaidia kwa chembe ingawa gesi hazizuiliki, na joto letu hili najua hutaivaa siku nzima, vaa foleni ikiwa kali.

Wa tuktuk na matatu walioulizia pia: mkiwa Likoni mwangoja feri zimeni injini, na ekzosi ikitoboka msiizibe kwa kitambaa na waya, moshi waingia ndani na abiria wa nyuma ndo waula. Madirisha fungueni gari likienda, mkikwama nyuma ya lori acheni nafasi ya kutosha.

Ukifika hospitali utaulizwa wavuta sigara, ukisema la daktari ataandika hapana na kuendelea. Usiishie hapo. Mwambie wakaa na moshi wa dizeli tangu mwaka gani, masaa mangapi kwa siku, na wapikia nini nyumbani, umwombe aandike kwenye faili yako.